Kanisa la plastiki nililolipaka vumbi, na mahali nilipomweka mama

Wakuu, habari za Jumapili.

Nimetoka kanisani sasa hivi, shingo imechomwa na jua, viatu nimevua. Ninayoandika hapa ni ya kweli. Kutunga uongo kunataka mtu aliyepumzika, na mimi sijapumzika tangu msimu wa ndengu uanze.

Mimi ni karani kwa stoo moja ya nafaka hapa mjini Kabati, Kitui. Kazi yangu ni kupima magunia na kubishana na wenye magunia. Ni kazi ya vumbi. Ukipenga kamasi jioni unajua siku ilikuwa ya ndengu ama ya mbaazi.

Hobby yangu ni model za plastiki.

Kwa wasiojua, unanunua boksi, ndani kuna vipande vidogo vya ndege au lori vimeshikana kwenye fremu. Unakata, unasugua na msasa, unagundisha, unapaka rangi kwa brashi yenye nywele za kuhesabika. Mwisho unapata lori linaloenea kiganjani, lenye mpaka side mirror.

Hapana, si toy ya mtoto. Nimechoka kujibu hilo swali na najua kuna mtu ataliuliza hapo chini.

Boksi ya kwanza niliipata kwa mtumba mjini Mwingi, imezikwa chini ya wanasesere. Ilikuwa ndege, karatasi ya maelezo haiko, gurudumu moja haliko. Niliigundisha hivyo hivyo na jioni hiyo nzima sikukumbuka stoo. Mtu aliyechoka akipata kitu cha kumsahaulisha hivyo hakiachi.

Mke wangu Mwende alinipa kona ya sebule na meza ndogo. Vitu vingi najitengenezea. Kifuniko cha ndoo ya ice cream ni ukuta mzuri sana. Zile fremu zinazobaki, ukizipasha juu ya mshumaa na kuzivuta zinakuwa nyembamba, unapata waya za stima.

Sasa, kuna kitu kinaitwa weathering, na mnisikilize hapa kwa sababu shida yote ilitoka hapa.

Weathering ni kuchafua. Kitu kidogo kikiwa kisafi, jicho linakikataa, linaona plastiki tu. Ukikipaka vumbi kidogo, ukavuta michirizi ya maji ya mvua ukutani, ukaweka kutu kwenye misumari, ghafla unaona lori la kweli likiwa mbali. Vumbi langu nachota barabarani, nachuja na stokingi kuukuu ya Mwende. Nasikia wenzetu wa ng'ambo wananunua vumbi dukani kwa vichupa. Sisi tumebarikiwa.

Haya, turudi nyumbani kwetu nilikozaliwa, upande wa Migwani, anakoishi mama.

Kanisa letu limekaa kwenye kipande cha shamba alichotoa marehemu baba. Foundation ilichimbwa, zege likamwagwa, mambo yakaishia hapo. Baba alifariki bila kuona ukuta hata mmoja. Mbuzi wanalala juu ya hiyo foundation mpaka leo. Ibada tunafanya kando yake, chini ya mabati yaliyoshikiliwa na nguzo, bila kuta.

Mama yangu hukaa kwenye benchi la mwisho pembeni, nusu yake kwenye jua.

Hakuna aliyemfukuza. Ni tabia yake tu. Mgeni akija, mama anasimama, anampa nafasi, anasogea. Amesogea miaka hiyo yote mpaka akafika kwenye jua, na akabaki huko.

Mama ana kitu kimoja anachotaka hapa duniani, na kila mtu kijijini anakijua. Anataka kuketi ndani ya hilo kanisa kabla hajaenda kulala kando ya baba.

Mwaka huu kamati ya ujenzi ikaamua kufanya harambee kubwa. Pastor akasikia habari zangu, akaja kwangu Kabati, akainua lori langu moja na vidole viwili kama mtu ameshika yai.

"Brother Kyalo, si ungetutengenezea kanisa hivi? Watu wakiiona kwa macho wataamini."

Nikapewa mchoro. Na ikaamuliwa mama ndiye atakayevuta leso siku hiyo kulifunua, kwa heshima ya baba aliyetoa shamba. Mama akashonesha nguo mpya. Kila nikienda kumwona ananiuliza imefika wapi kabla hata sijaketi.

Wakuu, nilijenga. Nikitoka stoo nanawa, naketi kwa meza. Paa nilitumia foil ya chokoleti niliyokandamiza juu ya kitana, ikatoka mabati kabisa. Mlango niliuacha wazi kidogo. Watu nao sikuwa nao, nilikuwa na wanajeshi waliobaki kwa boksi fulani. Nikawakata bunduki, helmeti nikazizungushia putty, ile ya kuzibia nyufa, zikawa vilemba. Waumini wetu wote walikuwa wametoka vitani.

Mama nilimtengeneza kwa makini kuliko wote. Kilemba cha bluu, sketi ya tishu iliyoloweshwa gundi, bunduki ikapunguzwa ikawa mkongojo. Nikamweka kwenye benchi nje, karibu na mlango, mgongo kwa ukuta. Ndivyo anavyokaa. Hobby hii inakufundisha kunakili unachokiona.

Ndani sikuweka kitu. Hiyo pia ni kanuni yetu, mtu hajichoshi kutengeneza kitakachofunikwa na paa. Nani atakiona? Kwa hivyo ndani kulikuwa na giza na matone ya gundi.

Nilipomaliza nikalitazama. Jeupe, safi, limekaa kama keki ya harusi. Halikunipendeza hata kidogo.

Mikono ikanituma. Nikaleta vumbi. Nikapaka ukuta wote chini, pale matone ya mvua yanaporusha udongo. Nikaweka kutu kwenye misumari ya paa na michirizi chini ya madirisha. Kwenye ngazi nikaweka alama za viatu. Niliporudi nyuma na kulitazama, niliona kanisa. Nilifurahi sana, na mimi si mtu wa kufurahi ovyo.

Siku ya harambee ikafika. Tenti, wageni, spika za kupasua masikio. Kuku mmoja alipigwa mnada, akanunuliwa, akarudishwa, akauzwa tena na tena mpaka nikamhurumia, maana alionekana amechoka kuliko mimi.

Kisha mama akaitwa mbele. Jina la baba likatajwa. Mama akavuta leso.

Watu wakanyoosha shingo.

Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Aka, mbona ni ya zamani?"

Mzee Nzioka, mwenyekiti wa kamati, akavaa miwani akainama. "Kyalo, hii kutu ni ya nini? Hatujanunua bati hata moja na wewe ushaitia kutu."

"Ni weathering, mzee."

"Ni nini?"

"Ni kuchafua kidogo, ndiyo ikae real."

"Umechafua kanisa."

Pastor akajaribu kuokoa jahazi kwa microphone. "Wapendwa, sasa tunajenga ama tunazika?" Watu wakacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha upendo, lakini nilitamani ardhi inimeze na meza yangu.

Mama hakucheka. Alibaki pale na leso mkononi, akaliinamia lile kanisa, akalitazama kwa karibu muda mrefu mpaka MC akaanza kukohoa. Kisha akakunja leso polepole, akarudi kuketi. Mnajua aliketi wapi.

Siku zilizofuata nikipiga simu ananijibu kwa mkato, amekula, amelala vizuri, asante. Mwende hakunificha. "Umemwaibisha mama yako mbele ya watu. Angalau kwa siku yake moja ungeacha hiyo uchafu yako."

Nilimwamini. Niliona kabisa ni vumbi.

Kamati ikaniamuru nilirudishe nyumbani nilisafishe. Nilipoliweka mezani nikaona benchi la nje limekatika upande mmoja na kijitu cha mama hakipo. Nikadhani mtoto fulani amekinyofoa kwenye harambee. Hata sikukasirika, sikuwa na nguvu hizo.

Nikachukua pamba na maji ya sabuni, nikaanza kuosha. Vumbi likawa tope, tope likaingia kwa mikunjo ya mabati, nikaosha tena. Wakuu, kazi yangu yote nzuri niliifuta kwa mkono wangu. Nikapaka rangi nyeupe juu. Keki ya harusi ikarudi.

Nikalibeba hadi kwa mama ili alione safi, nimwombe msamaha tuyamalize.

Akalitazama. "Imekuwa safi," akasema, kwa ile sauti ya kumsifu mgeni aliyeleta mkate usioupenda.

Ndipo nikaona. Kwenye kimeza chake, kati ya redio na dawa yake ya macho, alikuwa amesimamishwa kijitu cha kilemba cha bluu. Kipande cha benchi bado kimemshika nyuma. Mama alikuwa amemng'oa mwenyewe, siku ile ile, alipokuwa ameinama.

Mama huongea Kikamba tu akiwa nyumbani, kwa hivyo nawawekea kwa Kiswahili. Nilimuuliza kama ni vumbi lilimkasirisha.

"Vumbi gani? Si mimi naishi hapa?"

Akakichukua kile kijitu, akakiweka kiganjani.

"Hapa kwa mabati nakaa nje, na si neno, nilisogea mwenyewe. Lakini hiyo mpya, Kyalo. Hiyo uliyoijenga na mikono yako. Hata huko uliniona niko nje?"

Nikajitetea na kanuni ya hobby, eti ndani ni giza, paa linafunika, hakuna mtu angemwona.

"Mimi sitaki kuonekana," mama akasema. "Nataka kuingia."

Nilirudi Kabati na lile kanisa mapajani.

Kung'oa paa lililogundishwa ni kazi mbaya. Unapitisha wembe kidogo kidogo ukiomba plastiki isipasuke, na bado ilipasuka kona moja. Nikasafisha yale matone ya gundi. Nikaweka sakafu. Nikatengeneza mabenchi, mimbari, mpaka kitambaa cha mimbari chenye nyuzi pembeni. Sijawahi kufanya kazi nzuri hivyo, na hakuna picha nitawapostia, kwa sababu sikupiga.

Nikampelekea mama kabla ya kufunga. Akavaa miwani. Nikamwonyesha benchi la mbele, nikamuuliza akae wapi.

Akaonyesha na kidole. "Hapa. Na hapa kando acha nafasi."

Sikumuuliza ni nafasi ya nani. Nilimgundisha hapo, na kando yake nikaacha nafasi ya mtu mmoja.

Nilipoweka paa bila gundi ili aone litakavyokaa, aliniambia nimwashie tochi ya simu. Akachungulia kwa ule mlango ulio wazi kidogo. Alichungulia mpaka nikabadilisha mkono wa kushika tochi.

"Ndiyo," akasema. "Sasa funga."

Nikafunga.

Leo hii kanisa hilo liko ofisini kwa pastor, jeupe, safi, baya kama nilivyosema. Wageni wanalisifu. Mzee Nzioka huwaonyesha na kuwaambia ni yeye aliyesimamia usafi. Namwachia sifa hizo. Ndani ya kanisa hilo kuna mama ameketi mbele na nafasi kando yake, na tunaojua ni wawili, sasa na nyinyi.

Foundation ya kweli bado ni ya mbuzi. Harambee ilisaidia kidogo, wanasema tutafanya nyingine. Mnajua hizo hadithi.

Nilichojifunza si kikubwa. Mimi natumia lenzi kuona msumari wa model. Lakini kwa Jumapili nyingi nimeketi katikati, kwenye kivuli, nikimwona mama juani, na nikaona hiyo ni picha ya kunakili tu.

Leo asubuhi mgeni alikuja. Mama akasimama kama kawaida ampe nafasi. Nikamfuata, nikamshika mkono, nikamleta kwa kiti changu. Alikataa kidogo, kisha akaketi. Mimi nikaenda kwa lile benchi la pembeni, na ndiyo hii shingo.

Wale mnaojenga model, na hata mnaojenga nyumba za kweli, niambieni kama kuna kitu mlishaweka ndani mkakifunga bila mtu mwingine kukiona. Ningependa kusikia. Na wewe wa swali la toy, uliza tu, nitakujibu nikishapaka mafuta shingoni.