Rubani Aliyevaa Makoti Sita

Vitani nilirusha ndege ya mabomu. Baadaye nikarusha abiria, kisha dawa ya wadudu mashambani, na mwisho nikafundisha vijana urubani. Msemo wangu ulikuwa mmoja: "Ndege haidanganywi." Mwanafunzi akificha uzito wa mzigo, hata kilo moja, nilimshusha arudi bwenini kwa miguu. Kisha umri ukafika, wakanipa saa ya ukutani na kunifungia chumba cha rubani. Hata safari ya kuaga sikupewa, jambo linaloniuma mpaka leo.

Aliye juu mngoje chini. Mke wangu, mfanyabiashara wa nguo Mwanza, alinigoja miaka yote hiyo, na niliposhuka akanipeleka Guangzhou kumbebea mabando. Pale Kangle, mtaa wa viwanda vya nguo, cherehani zikinguruma kila ghorofa, jenerali alikuwa yeye. Laoban, yaani mwenye duka, akitaja bei, anamjibu "Bu yao!", sitaki, na kuondoka, na mimi, shujaa wa taifa, namfuata na bando kichwani.

"Baba, mbona unatembea kama umebeba mayai?" mke wangu akaniuliza. "Mabomu ulikuwa unayabeba hivyo?"

"Mabomu yalibebwa na ndege."

"Basi leo ndege ni wewe."

Siku moja, kwenye mgahawa wa mtaa wa Dengfeng, wanakokutana Waafrika, nikajigamba mbele ya wafanyabiashara wenzake. Nikawaeleza jinsi uzito wa ndege unavyopigiwa hesabu: mizigo hupandishwa kwenye mizani, lakini abiria hapimwi, anakadiriwa tu, awe mwembamba au kiboko. Walinisikiliza kwa heshima ambayo hata jeshini sikuipata. Wahenga hawakukosea, mdomo huponza kichwa.

Siku ya kuondoka, begi letu likazidi uzito. Mke wangu akanivuta nyuma ya nguzo pale uwanja wa ndege wa Baiyun.

"Vaa."

"Mama, mimi?"

"Ekses ya hapa, hela ya kilo zilizozidi, itakula faida yote. Si ulisema mwenyewe abiria hapimwi?"

Nikavaa makoti ya jinzi, moja juu ya jingine, mpaka la sita, mikono ikagoma kushuka. Nilipotazama kando, foleni nzima ilikuwa imenenepa. Wote walikuwa wasikilizaji wangu wa Dengfeng.

Mlangoni mwa ndege rubani akanipigia saluti. Alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ameajiriwa na kampuni ya nje.

"Shikamoo, mwalimu! Bado tuna muda. Njoo ukae kidogo kwenye kiti chako."

Niliingia. Zile taa, vile vishale, ile harufu ya mitambo iliyopata moto. Moyo ulinidunda kuliko siku ya vita. Nilikitaka kile kiti kama mtoto anavyotaka kubebwa.

"Vua koti, mwalimu, hutaenea."

Nikashika kifungo. Chini ya koti la kwanza kulikuwa na la pili, na chini ya la pili kulikuwa na yote niliyowafukuzia vijana wa watu. Kijana alikuwa anatabasamu, ananisubiri.

"Nasikia baridi," nikamwambia, jasho likinidondoka puani. "Acha nikakae na mama."

Nikarudi kiti cha nyuma kabisa, karibu na choo. Mke wangu akaniuliza kama walinikalisha.

"Sikutaka," nikajibu.

Akanifuta paji la uso kwa ncha ya kanga yake, taratibu, kisha akaichomeka kanga shingoni mwangu, chini ya kola.

"Usiyaloweshe jasho, baba," akasema. "Hayo ni ya kuuza."