Pikapu Iliyokuwa Ikichuchumaa Usiku

Kila tukiamka, tulipata pikapu yetu imechuchumaa. Mbele juu, nyuma chini, kama mbwa anayengoja mfupa.

Hakuna aliyeigusa. Haikuwa hata na mzigo.

Jirani yangu Risper akasema, "Mama Jael, kuna mtu huikalia hiyo gari usiku. Na si mtu wa kawaida."

Nilicheka. Lakini jioni hiyo niliizunguka nikiomba.

Ilikuwa 1997, tukiishi Lindi, Kibera. Mume wangu Oluoch alivuta trela yenye tangi la maji ya kuuza. Tangi likijaa, pikapu ililala nyuma, ikayumba kwenye mteremko. Ndipo Muia, fundi kijana wa Gatina, kule Kawangware, akatufungia shokabu za upepo nyuma. Unafunga trela, unajaza upepo kwa pampu, gari linasimama sawa.

Wiki haikuisha, likaanza kuchuchumaa.

"Huyu kijana amenichezea," Oluoch akafoka. "Wenye matangi wote watajua leo. Hakuna atakayempa gari tena."

Nilijua anaweza, maana walimsikiliza sana. Nami nilimkumbuka Muia siku ile ya kwanza, akinitafutia kiti cha kivulini na kukifuta vumbi kwa shati lake.

Tulifika Gatina na wenye matangi wawili, waje kushuhudia.

"Sasa mzee," Muia akasalimia.

"Sasa ni wewe! Upepo wako unaenda wapi?"

Muia akatandika gunia, akaingia chini ya gari. Nikainama nione.

"Paipu ya upepo imeungua," akasema. "Imefungwa kwa bomba la moshi."

"Nani aliifunga hapo?"

Muia akaivuta paipu mwangani.

Hapo nikaona. Paipu ile nyembamba ilikuwa imefungwa kwa utepe wa kitambaa, kijani na manjano, umeungua ukingoni.

Leso yangu. Ileile niliyojifunga kiunoni siku hiyo, pembe moja imechanika.

Nikakumbuka. Nikiosha gari, nilikuta paipu inaning'inia. Mimi sipendi kitu kining'inie. Bomba lilikuwa baridi, nikaifunga hapo, nikajisifu kwa usafi.

Muia aliutazama utepe. Akatazama kiuno changu. Akaufungua haraka, akaufumbata mkononi.

Akatoka. "Ni mimi, mzee. Niliifunga vibaya. Nisamehe."

"Mmemsikia?" Oluoch akawageukia wenzake. "Mmemsikia kwa mdomo wake?"

Nilinyamaza. Muda wa kumeza mate tu. Lakini mpaka leo, nikiukumbuka muda huo, naona haya.

"Baba Jael," nikasema, "mwambie huyo kijana afungue mkono."

Oluoch akautazama utepe. Kisha leso.

"Ngai!" mwenye tangi mmoja akaangua kicheko.

Oluoch akajikuna kichwa. "Kumbe yule wa kukalia gari usiku ndiye nimeoa!"

Wote wakacheka isipokuwa mimi na Muia. Yeye alinisogelea, akasema polepole, "Mama, hata mimi nilikosea. Ningeikaza vizuri, hungeikuta ikining'inia."

Hata baada ya kweli kutoka, bado alitaka kunisaidia kubeba.

Wajukuu wangu mnaosoma hii kwa simu, mtu mwema akikubebea kosa lako, usijifanye huoni mzigo. Mpokee mapema, kabla hajachuchumaa.