Fimbo Inayokubali Kupinda

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, mwanangu, nimesimama kwenye gati la mbao kule Hässelby, pembezoni mwa Stockholm, Ziwa Mälaren limetulia, na mimi nimeshapoteza samaki wawili. Pembeni yangu ameketi binti yangu Furaha, miaka kumi na tano, simu mkononi. Nakuandikia haya kwa sababu umeniambia unataka kununua fimbo yako ya kwanza ya kuvulia, ile ya chambo kinachokwenda, na sitaki uanzie pale nilipoanzia mimi.

Shule yangu iliishia darasa la nne, Uvira kule Kongo, vita ilipotutoa. Kwa hiyo usitegemee maneno makubwa. Nitakueleza kama nilivyoona.

Furaha alikuwa na mwaka mmoja tu Stockholm. Kabla ya hapo alilelewa na kaka yangu Obedi, miaka yote niliyokuwa nasubiri karatasi za kumleta. Na Obedi, nalitaja jina lake na silifuti, alimwambia mtoto kwamba nimepata maisha Ulaya nikawasahau. Basi mtoto alipofika, na majirani wote wa Akalla, mtaani kwetu, alizungumza Kiswahili kizuri tu. Mimi peke yangu alinijibu kwa Kiswidi. "Okej." "Vet inte," yaani sijui. Kutwa nzima ndiyo hayo. Nilimbembeleza wiki nzima anifuate ziwani, akakubali mara moja tu. Nikajua leo ikiharibika, sina siku nyingine.

Fimbo niliyoshika ina mkosaji wake pia, Lubega, Mganda mmoja dereva wa teksi, mjuaji wa kila kitu. Aliniambia, "Ndugu, samaki wa huku wana meno. Chukua ngumu kabisa, ile isiyopinda hata ukiigonga ukutani." Nikamwamini. Kule Ziwa Tanganyika nilivua kwa mshipi wa mkono tangu mdogo, fimbo ya dukani sikuwahi kuishika. Kwa mshipi, ukisikia mguso unavuta papo hapo, na mkono wenyewe unajua kulegea na kukaza. Mimi nikauchukua mkono ule ule nikaushikisha fimbo ngumu kama mpini wa jembe.

Na hicho chambo, ngoja nikueleze, maana mpaka leo kinanishangaza. Ni waya uliokunjwa katikati kama pini kubwa ya nguo iliyo wazi. Upande mmoja una kibati kinachozunguka, upande wa pili una ndoana iliyofichwa ndani ya nyuzi za mpira. Unakirusha mbali, unazungusha gurudumu la uzi, kinarudi kikitetemeka. Hakitakiwi kukaa kimya majini kama mnyoo.

Samaki wa tatu akaja. Nikasikia kitu kimegonga, nikavuta kwa nguvu zangu zote, chambo kikaruka kutoka majini kikapita karibu na sikio langu.

Hatua chache kutoka kwetu alikuwa anavua Mzee Athumani, Mtanzania aliyekuja huku ujanani kujifunza ufundi wa mashine akabaki hadi kustaafu. Nilikuwa nimempa shikamoo tulipofika.

"Baba Furaha," akasema, "unavua au unaua nyoka?"

Furaha akacheka kwa sauti. Iliniuma, sitakuficha.

"Samaki wa huku waoga, mzee."

"Waoga? Wamekuja mara tatu wenyewe. Wewe ndiye unayewanyang'anya."

Furaha akaweka simu mfukoni. Akakiokota kile chambo gatini, akakizungusha kibati kwa kidole. "Babu, hiki kinafanana na nini?" Kwa Kiswahili. Lakini hakuniuliza mimi.

"Hakifanani na kitu, mjukuu wangu."

"Sasa kwa nini anakiuma?"

"Wewe ukipitishiwa kitu kinachometameta mbele ya uso, hutakipiga kofi? Yeye hana mkono. Ana mdomo tu."

"Kwa hiyo hana hata njaa?"

"Pengine anayo, pengine amekasirika. Hajaniambia bado."

Mzee akamwambia Furaha ashike ncha ya fimbo yangu, mimi nivute. Ikapinda ncha tu, kule kwingine imesimama kama bomba. Akampa ncha ya fimbo yake. Hiyo ikaanza kupinda taratibu mpaka katikati, kisha ikagoma. Akatueleza kwamba chambo hiki hakisimami, na samaki anakikamata mbio mbio kutoka nyuma. Fimbo ikiwa ngumu, kinatoka mdomoni kabla hajaufumba. Ikikubali kupinda, inampa nafasi ya kufumba mdomo na kugeuka nacho, halafu ule ugumu wa chini ndio unaozamisha ndoana.

"Chukua, mjukuu," akasema, akampa Furaha yake. "Ukimsikia, usifanye kitu. Endelea kuzungusha."

Furaha alirusha vibaya mara nne. Mara ya tano kikaenda mbali, kando ya matete. "Nakisikia kinatetemeka mkononi," akasema, macho yamemtoka. Kisha mtetemo ukakatika na fimbo ikainama.

Nikafungua mdomo nimwambie avute. Mzee akanishika bega. "Nyamaza, baba. Mwache."

Akaendelea kuzungusha. Fimbo ikainama zaidi, samaki akaenda kushoto, akarudi, akachoka. Alikuwa gädda, yule wa mdomo mrefu kama wa bata, urefu wake kama mkono wa Furaha. Alipofika gatini akafunua mdomo, na mtoto akaruka nyuma.

"Baba, mshike! Ana meno! Baba!"

Nikapiga magoti nikamshika.

Kwenye treni ya kurudi, samaki ndani ya mfuko miguuni, akaniuliza, "Ni kweli ulitusahau?" Jina la Obedi lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikamwacha aulize kwanza, yote, mpaka amalize. Nikamjibu moja moja. Obedi nilimtaja, ndiyo, lakini mwishoni. Tulibadilisha treni, tukafika Akalla, bado anauliza.

Basi mwanangu, ukifika dukani, usikubali mtu akuchagulie kwa kelele. Mwombe muuzaji ashike ncha, wewe vuta, utazame inapinda mpaka wapi. Ikifika katikati na chini ikabaki na nguvu, hiyo ndiyo. Iwe ndefu kukuzidi kidogo, maana utarushia ufukweni, na mpini ufike karibu na kiwiko, kwa sababu utazungusha siku nzima. Soma uzito wa chambo ulioandikwa juu ya mpini, chako kisiuzidi. Usipoelewa uliza, mimi niliona aibu kuuliza na aibu hiyo ilinilisha mikate mikavu bila samaki. Na binadamu anapokujia mwenyewe, hata kama kwa hasira, usimvute kwa pupa. Hilo sikulijua mpaka nilipokuwa na mvi.

Mwenyezi Mungu akulindie vidole na meno ya gädda, akupe asubuhi zisizo na upepo, na akujalie mtu wa kuketi naye gatini akikuuliza maswali usiyoyajua majibu yake. Amina.