Simu Yangu Ni Nzima, Ndiyo Maana Hawaniamini

Admin, nifiche kabisa, mawifi zangu wote wanafuatilia ukurasa huu. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka 29, nasuka nywele hapa Ngarenaro. Mume wangu ni Mmeru wa Nkoaranga, yuko Uarabuni anaendesha lori, mwaka wa tatu sasa. Kabla hajaondoka alininunulia simu ya tachi, na ndoa yetu yote ikahamia humo. Kila jioni tunaongea kwa video, anamwona mtoto, tunacheka, tunaagana.

Mwezi uliopita nikafungua ile app tunayoongelea, ikaniambia simu yangu ni ya zamani, haiwezi kuitumia tena, nitafute nyingine. Jamani! Simu haina hata mchubuko, inapiga, inapokea, tochi inawaka. Nikaipeleka kwa fundi wa mtaani. Akahangaika nayo, mwisho akasema, "Dada, simu haina ugonjwa. Walioitengeneza wameacha kuihudumia, ndiyo imetoka hiyo." Nikaanza kulia palepale, maana hela ya nyingine sina. Yule kaka akanionea huruma, akaniazima simu yake. Nikamwandikia mume wangu, "Ni mimi mke wako, simu yangu imekataa, nipigie kwenye namba hii." Akadhani ni matapeli, akajibu matusi, kisha akapiga video awaone hao matapeli. Mimi kumwona tu nikaangua kicheko cha furaha, na fundi yuko bega kwa bega na mimi, ameshikilia waya wa chaja usichomoke. Mume wangu akatuangalia, akakata.

Tangu hapo ni moto. Alipiga ya kawaida mara moja tu: "Simu nimenunua mwenyewe, mpya, ndani ya boksi, leo eti imezeeka? Si useme tu umepata mwanaume!" Kesho yake mama mkwe akashuka kutoka Nkoaranga. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Akaitaka simu, akaiwasha, ikawaka. Akafungulia kwaya, ikaimba. Akawasha tochi, akanimulika usoni. "Huyu mzima unamzika kwa nini? Unaniona mimi mtoto?" Akaondoka na mwanangu, akasema tutaonana kwenye kikao cha ukoo. Nisipokuwa na maelezo ya maana, narudi kwetu na mtoto anabaki.

Silali, sili, nikisuka mteja machozi yanamdondokea kichwani. Mtoto wangu ana miaka minne, hajawahi kulala bila mimi. Na mtu pekee anayeweza kuwaeleza wale wazee kwamba simu nzima inaweza kukataliwa na walewale walioitengeneza ni fundi. Mwenyewe yuko tayari, kaniambia, "Dada, twende nikawaeleze." Hivi nikitokea naye kule Nkoaranga, si nitakuwa nimejimaliza mwenyewe?

Kikao ni kesho kutwa. Msinitukane, ndugu zangu, nimechoka kutukanwa. Niambieni tu: niende naye, au niende peke yangu nikampoteze mwanangu?