Mbwa Mwenye Adabu

Bwana mifugo hamtazami mbwa machoni. Zita, akisubiri zamu ya chanjo ya mbwa wake penye banda la kupimia kahawa pale Kigonsera, aliligundua hilo tangu mbwa wa tatu. Mgeni huyo aliyehamishwa kutoka mkoa wa mbali huchuchumaa kiubavu, akaangalia chini kama anatafuta kifungo kilichodondoka, akapiga mwayo mrefu, kisha akaacha mkono wake unuswe. Watu hucheka. Vidole vyake vina makovu madogo madogo, na sauti yake haipandi, wenye mbwa huwaambia "subirini," mbwa huwaambia "pole, baba." Mbwa akinguruma, yeye hujibu "nimekusikia," akarudi nyuma hatua moja na kuanza upya, hata foleni ilalamike vipi.

Mbwa wa Zita alisimama kimya, mkia umekakamaa.

"Shikamoo, mama. Huyu huwa ananguruma?"

"Marahaba. Alikuwa akinguruma mjukuu wangu akimvuta masikio. Nikamchapa mpaka akaacha. Sasa ana adabu."

Mikono ya bwana mifugo ilirudi magotini. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, aliomba kamba ya kumfunga mbwa mdomo.

"Mama, hasira bado anayo," alisema. "Ulichomwondolea ni onyo."

Njia nzima ya kurudi Zita alimtegea sikio mbwa wake, asisikie kitu. Mjukuu alipotoka mbio kuwapokea, mikono mbele, bibi alimdaka kabla hajayafikia masikio.