Kutunga na Kutangaza

Kiwandani walimwita Bi Nukta, na jina likamkaa. Kwa miaka ishirini na saba hakuna karatasi iliyopanda mashine ya kuchapa kabla ya kupita chini ya kalamu yake nyekundu. Ni yeye aliyeikamata kadi ya wafiwa iliyosema "tunawashukuru wote mliotusababishia msiba huu" badala ya "mliotusaidia katika msiba huu." Mwenye kiwanda bado huwasimulia wateja kisa hicho. Bi Nukta hujifanya hasikii, lakini shingo humnyooka.

Jumamosi alikuwa katekista, mwalimu wa dini, parokiani. Waliomjia wakinung'unika kwamba Papa huamka tu na kuzusha jambo, aliwajibu kwa sentensi moja: fundisho halizaliwi siku linapotangazwa.

Basi mtu kama huyo, binti yake wa pekee akabatizwa kwa Wamormoni! Majirani walimwambia pilipili usiyoila yakuwashiani, lakini hii aliizaa mwenyewe. Maneno makali yakawatoka wote wawili, binti akahama, na miezi minane ikapita kwa salamu za simu, tena za kuhesabika.

Jumatano moja, saa ya chakula, binti akatokea katikati ya marobota ya karatasi, mkononi ana kurasa mbili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda."

"Nimeombwa kuhutubia Jumapili. Kwetu waumini ndio tunaopeana zamu ya kuhutubia. Mada ni nani ana mamlaka ya kufundisha kwa jina la Mungu, na Wakatoliki nimewataja. Naomba unisahihishie makosa. Ya lugha tu, mama."

Bi Nukta akasoma. Lugha ilikuwa safi, hata akajikuta anajivuna kimoyomoyo. Binti alieleza vizuri kwamba kwao ufunuo haujafungwa: nabii aliye hai, ambaye ndiye rais wa kanisa, bado hupokea neno, na hata maandiko matakatifu yanaweza kuongezeka. Kisha ikaja sentensi hii: "Kwa Wakatoliki, Papa hutunga fundisho jipya."

Kalamu ikasimama. Akiikata, binti atasema hilo si kosa la lugha, atachukua kurasa zake na kupotea miezi mingine minane. Akiiacha, uongo juu ya Kanisa lake utasomwa mbele ya watu, umepita chini ya mkono wake mwenyewe. Alimtaka mtoto wake kuliko kitu chochote. Hata hivyo akakata. Juu ya "hutunga" akaandika "hutangaza," na "jipya" akalifuta kabisa.

"Mama, nilisema lugha tu."

"Na hii ni lugha. Kutunga ni kazi ya mshairi. Sisi tunaamini ufunuo ulikamilika na mitume. Papa, au maaskofu pamoja naye kwenye mtaguso, mkutano wao mkuu, wanatazama Maandiko na Mapokeo, halafu wanasema wazi: hili ndilo tulilopokea. Hawaongezi."

"Hata likitangazwa baada ya miaka elfu na mia nane?"

"Mimi nilikuwa mama yako kabla cheti cha kuzaliwa hakijaandikwa."

Binti akakaza midomo asicheke. Bi Nukta, kichwa kimeshamvimba kwa ushindi, akaandika pembeni mwa aya ya pili: "Sema pia kwamba nabii wenu mnampigia kura."

Binti akamnyang'anya kalamu. Kiwandani pale hakuna aliyewahi kuthubutu.

"Hatupigi kura, mama. Tunaamini Mungu ndiye anayemwita. Sisi tunainua mkono kuonyesha tumemkubali na tutamsaidia." Akakata maneno ya mama yake, juu akaandika: "tunamuunga mkono."

Bi Nukta akaitazama ile nyekundu isiyo ya mkono wake. Ilimuuma, ikampendeza.

"Imekaa sawa," akasema.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, akaenda kuketi nyuma kabisa katika kanisa la binti yake. Binti akasoma ile sentensi jinsi ilivyosahihishwa, kisha akainua macho.

"Hapo nilikuwa nimekosea. Aliyenisahihisha ni mama yangu, Mkatoliki, yule pale nyuma. Katika hili sikubaliani naye, lakini siwezi kumsemea uongo."

Vichwa vikageuka. Bi Nukta alikuwa akilia waziwazi, wala hakutafuta leso. Mwanamke aliyeketi kando yake akamwinamia.

"Yule ni wako?"

"Wangu," akajibu, kwa sauti iliyofika hadi mimbarani.