Sauti ya Wilondja na Sindano Nene

Siku ya kwanza ya kazi sikuruhusiwa kuuza kitu. Msimamizi wa duka letu katika mji wa Baraka, kando ya ziwa, tuliyemwita Bwana Gérant, alinipa kitambaa laini nifute vumbi kwenye sahani za muziki, nikizishika kwa ukingo tu. Kapita, mkubwa wetu sisi wauzaji weusi, alinichunga mpaka mchana, ndipo akasema naweza kubaki. Nilikuwa kijana, na harufu ya vanishi ya zile mashine mpya za kupigia sahani ilinilewesha. Naitamani hata leo.

Ninyi mnaobeba muziki mfukoni, ngoja niwaeleze ulivyonunuliwa miaka ya hamsini. Mwenye pesa kidogo alichukua fono, yaani gramafoni, ya sanduku, ya kuzungushwa kwa mkono mpaka springi ikaze. Aliyevuna pamba vizuri, au wavuvi waliochanga baada ya msimu mwema wa ndagala, walitaka redio ya betri, na betri yenyewe ilikuwa nzito kama tofali. Juu ya zote ilikuwa fono ya kabati, redio na sahani pamoja, ya umeme. Waliokuwa na jenereta walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Sisi wengine tuliifuta vumbi na kuipenda bure.

Wateja wetu walikuwa na namna yao ya kujaribu. Niliweka sahani, nao wakatoka nje, wakatembea kuelekea ziwani mpaka sauti ikatike, kisha wakarudi kulinganisha hatua. Fono nzuri ni ile iliyofika mbali, maana kusikiliza muziki peke yako kulihesabiwa uchoyo. Nilijifunza haraka kuwafurahisha: niliwatilia sindano nene ya kupitia juu ya sahani, inayopaza sauti. Kapita alinionya kwamba sindano nene inachimba sahani. Niliitikia, nikaendelea kuuza.

Baadaye nilipelekwa Fizi, mlimani, kwenye tawi dogo chini ya kapita mwingine, mtu mkali aliyenifundisha kufungua springi bila kukatwa vidole. Nilirudishwa Baraka nikijiona fundi kamili. Ndipo akaja Mama Wilondja, kutoka kijiji cha Mboko.

Mwanawe Wilondja alifanya kazi mjini Albertville, akaimba na wenzake kwenye sahani moja, akafa kwa ugonjwa kabla ya kurudi. Sanduku la nguo zake lilifika kwa meli, na sahani hiyo ndani. Mama hakuwa ameisikia hata mara moja. Aliuza mihogo misimu miwili ili apate fono.

"Mi nataka ile ya kusema sana," akaniambia. "Bajirani bote basikie mutoto yangu."

Nilimchagulia fono ya sanduku, nikaweka sindano nene. Wilondja akaimba. Mama akatoka kama wateja wote, akaenda mpaka ukingo wa maji, akasimama huko akitugeuzia mgongo. Aliporudi uso wake ulikuwa umelowa. Nikampa na kikopo cha sindano. Kwamba sindano moja ni ya upande mmoja wa sahani tu, kisha hutupwa, sikumwambia. Niliogopa ataona ni gharama, aiache mashine.

Alirudi na sahani yake kabla ya mvua. Kule Mboko kila aliyekuja kumpa pole alisikilizishwa Wilondja kabla hata ya kuletewa chakula, na waliokuja walikuwa wengi. Sindano ilikuwa ileile moja. Zile za kikopo alizitunza zisiishe. Sahani ilikuwa imegeuka kijivu, ikitoa mkwaruzo tu.

"Mashine iko muzima," akasema. "Ni mutoto ndiye ananyamaza."

Nilikiri kosa langu mbele yake, kisha mbele ya Gérant, nikitegemea kufukuzwa. Gérant aliagiza jenereta iwashwe.

"Weka ku kabati," akaniambia. "Mukono yake iko nyepesi."

Alimaanisha mkono unaoshika sindano, ambao kwenye kabati haukuilemea sahani. Niliushusha taratibu. Tulisikia mkwaruzo kwa muda mrefu, halafu, chini yake, sauti ya kijana, ndogo sana. Safari hii mama hakutoka nje. Alipiga magoti, akaweka sikio kwenye kitambaa cha spika. Mistari miwili ilipopita, akanigusa.

"Inatosha. Toa," akasema. "Ile yenye imebakia, ibakie."

Aliifunga sahani kwa kitenge, akarudi Mboko. Sikumwona tena, wala sikusikia kwamba aliipiga tena.

Niliuza mashine nyingi baada ya hapo, nikastaafu kwa heshima. Vijana huja kuniuliza wanunue ipi kwa pesa walizo nazo, nami huwajibu kwa furaha, maana bado naijua kazi. Wakiisha kuondoka hubaki nikitamani kitu kimoja tu, nacho hakiuzwi: nisimame tena kwenye meza ile ya duka, mama akiwa bado ameshika kikopo mkononi, nimwambie.